Uvumi Ukifika Kijijini, Nani Ajibu?

Klipu ilikuwa ya dakika mbili na ushei. Sauti ya mwanamume, tulivu, yenye lafudhi ya mtu aliyesoma, iliwaonya wazazi kwamba sindano watakayochomwa mabinti shuleni wiki inayofuata ni ya kuwafunga kizazi. Mtangazaji wa redio ile ya jamii, katika wilaya moja ya pwani ya Tanzania, alikuwa ametumiwa klipu hiyo na watu saba tangu usiku, shangazi yake akiwa mmoja wao. Ilikuwa saa mbili kasoro asubuhi. Studio ni chumba kimoja tu, magodoro chakavu yamegongomelewa ukutani kuzuia mwangwi, na nje jenereta inasubiri umeme ukatike.

Alifungua kaunta buku akaandika. Kurasa zake zina safu nne zilizopigwa mstari kwa rula: kilichosemwa, kimetoka wapi, nani ajibu, kimejibiwa lini. Kisha akampigia muuguzi wa zahanati, akamwomba aje studio. Kipindi kilipoanza hakuirusha ile klipu, wala hakuyarudia maneno yake. Alimpigia mmoja wa wale waliomtumia.

"Shikamoo mama. Jana usiku ulinitumia sauti. Ni kitu gani kilichokutia hofu?"

"Marahaba mwanangu. Huyo anayeongea mimi simjui. Ila barua ya shule inasema mtoto atachanjwa, haisemi chanjo ya nini, wala kwa nini wasichana peke yao. Sasa nimuulize nani?"

Muuguzi alijibu kwa nusu saa nzima. Alieleza kwamba chanjo ni ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Kwamba Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, kwanza kwa mabinti wa miaka 14. Kwamba haigusi uzazi. Simu zilimiminika mpaka muda wa kipindi ukaisha.

Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha mgeni, na swali la yule mama halijanitoka. Aliyetengeneza klipu alikuwa mwongo. Mama aliyeisambaza alikuwa mzazi mwenye swali, na swali lake lilikuwa la haki. Mjadala wetu wa sera kuhusu habari za uongo mtandaoni umewaweka watu hawa wawili kapu moja, na kwa kufanya hivyo umekosea mahali pa kuanzia. Hoja yangu ni kwamba upotoshaji hustawi pale taarifa ya kweli ilipochelewa au kufichwa, na kwamba vyombo vya habari vya jamii, ambavyo ndivyo vilivyo karibu zaidi na pengo hilo, ndivyo vinavyokumbukwa mwisho sera inapotungwa na vinavyoumia kwanza sheria inapotekelezwa.

Vyombo gani hivyo?

Mkataba wa Afrika kuhusu Utangazaji, uliopitishwa Windhoek mwaka 2001, unatambua aina tatu za utangazaji: wa umma, wa kibiashara na wa jamii. Huo wa tatu humilikiwa na kuendeshwa na watu wa mahali fulani kwa ajili yao wenyewe, bila lengo la faida. Tanzania inazo redio za namna hiyo huko Terrat (kwa Wamaasai wa Simanjiro), Sengerema, Pangani, Ifakara na Micheweni kisiwani Pemba, na nyingi zimejiunga katika mtandao wa TADIO. Kenya ina Mang'elete FM ya Makueni, iliyoanzishwa na vikundi vya akina mama mwaka 2004, pamoja na Koch FM ya Korogocho na Pamoja FM ya Kibera, ambazo vijana walizianzisha katikati ya mitaa ya mabati.

Nguvu ya redio hizi ni kujulikana. Mtangazaji akisema uongo leo, kesho atakutana na msikilizaji sokoni. Na leo redio hizi haziko hewani tu. Zina kurasa za Facebook, zina makundi ya WhatsApp ya wasikilizaji, na nyingine hurusha matangazo yake kwenye intaneti. Kwa hiyo kila kanuni inayotungwa kuhusu maudhui ya mtandaoni inazihusu moja kwa moja, hata kama hakuna aliyezialika kutoa maoni.

Rungu la sheria

Njia ya kwanza ambayo serikali zetu zimeishika ni adhabu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inamwadhibu anayechapisha taarifa akijua kwamba ni ya uongo, ya kudanganya, ya kupotosha au isiyo sahihi, kwa nia ya kuudanganya umma. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Kenya ilipitisha sheria yake mwaka 2018, na kifungu chake cha 23 kiliruhusu kifungo cha hadi miaka kumi. Chama cha wanablogu, BAKE, kilikwenda mahakamani. Mei 2018 Mahakama Kuu ilisimamisha vifungu 26 vya sheria hiyo, kisha Februari 2020 ikalitupa ombi la chama hicho.

Hakuna mwenye akili timamu anayetaka uongo uachiwe utambe. Tatizo ni kwamba maneno kama "kupotosha" na "isiyo sahihi" hayana mipaka, na anayeiweka mipaka hiyo mara nyingi ndiye yule yule anayelalamikiwa. Mwaka 2020 ulitufundisha hilo kwa gharama kubwa. Tanzania ilitoa takwimu za kitaifa za corona kwa mara ya mwisho mwaka huo tarehe 29 Aprili, wagonjwa wakiwa 480, kisha ikanyamaza. Julai mwaka huo huo zikatoka kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zilizokataza kuchapisha habari za mlipuko wa ugonjwa hatari bila kibali cha mamlaka husika. Kwa hiyo taarifa rasmi haikuwepo, na kuichapisha kwa njia nyingine kukawa kosa. Mtangazaji wa redio ya wilayani aliyeulizwa na wasikilizaji wake kama ugonjwa umefika kwao alikuwa na njia mbili: kunyamaza au kukisia. Katika hali kama hiyo uvumi hauna mshindani.

Kenya nayo ina kisa kinachopaswa kumkosesha usingizi kila anayetetea sheria hizi. Juni 2025, mwalimu na mwanablogu Albert Ojwang alikamatwa Homa Bay kwa madai ya kuchapisha habari za uongo kuhusu ofisa wa ngazi ya juu wa polisi. Alifia mikononi mwa polisi jijini Nairobi. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha yasiyoafikiana na maelezo hayo, na Inspekta Jenerali akaomba radhi mbele ya Seneti kwa taarifa ile. Mtu alikamatwa kwa tuhuma ya uongo, na taarifa ya kwanza iliyotolewa kuhusu kifo chake ndiyo iliyothibitika kutokuwa kweli.

Mbali na kifungo, ada nazo ni ukuta. Kanuni za Tanzania za mwaka 2018 zilimtaka mtoa huduma za maudhui mtandaoni alipe shilingi 100,000 za maombi, milioni 1 ya leseni, na milioni 1 nyingine kila mwaka. Ada zilipunguzwa baadaye, lakini fikra iliyozizaa inafaa kuchunguzwa. Kwa kampuni kubwa ya habari, milioni ni gharama ya siku moja. Kwa redio ambayo watangazaji wake ni vijana wanaojitolea, na ambayo mapato yake ni matangazo ya misiba na salamu, milioni ni mafuta ya jenereta ya miezi. Aliyetunga klipu ya chanjo hakuomba leseni yoyote. Aliyetakiwa kuomba ni yule aliyekuwa tayari kumjibu kwa jina lake.

Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyaona haya. Azimio lake la mwaka 2019 kuhusu uhuru wa kujieleza, kanuni ya 22, linazitaka nchi zifute sheria zinazofanya uchapishaji wa habari za uongo kuwa jinai. Mahakama za Zimbabwe mwaka 2000 na Zambia mwaka 2014 zilikwisha kubatilisha vifungu vya aina hiyo, vilivyorithiwa kutoka kwa wakoloni.

Kampuni zisizosikia lugha yetu

Njia ya pili ni kuwaachia wenye mitandao. Nyaraka za ndani za Facebook zilizofichuliwa mwaka 2021 na Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wake, zilionyesha kwamba asilimia 87 ya bajeti ya muda wa kutambua taarifa potofu ilitengwa kwa ajili ya Marekani, na dunia nzima iliyobaki ikaachiwa asilimia 13. Waongeaji wa Kiswahili, ambao UNESCO inawakadiria kuwa zaidi ya milioni 200, walikuwa ndani ya hizo 13 pamoja na lugha nyingine zote za dunia.

Mashine iliyofundishwa Kiswahili cha vitabuni haitambui Kiswahili cha Bukavu, Sheng ya Eastleigh, wala mafumbo ya Mvita. Mtu anaweza kuchochea mauaji kwa methali bila kutaja silaha hata moja. Matokeo ya uzembe huu sasa yako mbele ya mahakama za Nairobi. Wakaguzi wa maudhui waliofanya kazi jijini humo kwa niaba ya Meta, mmiliki wa Facebook na WhatsApp, wameishtaki kampuni hiyo. Naye Abrham Meareg, raia wa Ethiopia, aliishtaki Desemba 2022 akidai kwamba machapisho ya chuki yaliyoachwa Facebook yalichangia kuuawa kwa baba yake, profesa wa kemia, mwaka 2021. Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba ina mamlaka ya kusikiliza kesi hiyo. Huo ni mlango muhimu kwa Afrika nzima, lakini mashtaka huja baada ya maiti.

Tena sehemu kubwa ya uvumi wetu hupita WhatsApp, ambako ujumbe umefungwa na hakuna mkaguzi anayeuona. Kampuni ilipunguza idadi ya makundi ambayo ujumbe unaweza kusambaziwa kwa mkupuo, na hilo lilisaidia kuupunguzia mwendo. Lakini klipu ya chanjo ilifika studio kwa sababu shangazi alimtumia binti wa kaka yake. Uhusiano huo ni njia ambayo kampuni ya California haiwezi kuinunua.

Kuna pia wahakiki wa taarifa: Africa Check tangu mwaka 2012, PesaCheck, NuktaFakti na Jamii Check. Kazi yao ni ya thamani na naitegemea. Udhaifu wake ni wa njia. Uhakiki huwekwa kwenye tovuti, na mwenye simu ya kitochi kijijini hana tovuti. Na wahakiki wenyewe hawako salama. Septemba 2025 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliisimamishia JamiiForums, yenye mradi wa Jamii Check, leseni kwa siku 90 kwa madai ya kuchapisha maudhui ya kupotosha na ya kumvunjia heshima Rais. Mwenye kazi ya kuhakiki uongo akafungiwa kwa hoja ya kupotosha.

Somo la Kivu

Mfano ninaourudia kila mara ni mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri, mashariki mwa Kongo. Ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya watu 3,470 kuugua na 2,287 kufa. Dawa ya kukinga ilikuwepo, na zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Lakini uvumi ulikimbia mbele ya madaktari: kwamba Ebola ni biashara, kwamba wagonjwa huuawa vituoni, kwamba wageni wameuleta ugonjwa ili watajirike.

Ni rahisi kuyaita hayo ujinga. Aliyekaa Beni, mji wa Kivu Kaskazini, angeyaelewa. Tangu Oktoba 2014 wakazi wa eneo hilo walikuwa wakichinjwa na makundi yenye silaha, na dunia haikuja. Ghafla, kwa ajili ya ugonjwa mmoja, yakaja magari mapya na fedha zisizohesabika. Kisha, tarehe 26 Desemba 2018, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, tume ya uchaguzi ikaahirisha kura ya Beni na Butembo hadi Machi 2019 kwa kutaja Ebola na usalama, na rais mpya akaapishwa Januari. Watu wa Beni walijipangia kura yao ya mfano, wakapanga foleni na kunawa mikono kabla ya kupiga. Wengine kwa hasira walivamia kituo cha afya. Uvumi kwamba Ebola ni mpango wa kisiasa ulipata ushahidi kutoka kwa serikali yenyewe.

Hakuna sheria ya makosa ya mtandao ambayo ingeutibu uvumi huo. Kilichosaidia, taratibu na kwa jasho, ni watu waliokusanya yanayosemwa mitaani na kuyapeleka kwa wahusika, na redio za mahali zilizofungua simu kwa Kiswahili cha kule na kwa Kinande, zikawaketisha pamoja daktari, mchungaji na mtu aliyepona. Msikilizaji aliuliza, "Kwa nini mnakuja kwa Ebola na hamkuja tulipouawa?" Mtangazaji makini hakumkatia simu. Alijua kwamba swali hilo lisipojibiwa, hakuna jibu lingine litakaloaminika.

Kazi hiyo ina bei. Usiku wa tarehe 2 Novemba 2019, mtangazaji wa redio ya jamii ya Lwemba, huko Ituri, aliyekuwa akielimisha watu kuhusu Ebola, aliuawa nyumbani kwake. Ninapoona mkutano wa sera ukiwataja watu kama yeye kwa neno "wadau" katika aya ya mwisho ya ripoti, nahisi tumekosa adabu kwa waliotangulia.

Tanzania ilipozima intaneti tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, na kuiacha nchi gizani kwa takriban siku tano huku watu wakifa mitaani katika ghasia za uchaguzi, somo la Kivu lilijirudia kwa sura nyingine. Idadi ya waliokufa ikawa jambo la kubishaniwa, na kila nyumba ikabaki na hesabu yake. Kuzima mtandao kulizima uwezo wa kuhakiki. Hofu iliendelea kusafiri kwa miguu.

Redio nayo ina madhambi yake

Nisingekuwa mkweli nikiishia kusifu. Redio RTLM ilianza kutangaza nchini Rwanda Julai 1993, na mwaka uliofuata ikahimiza mauaji ya kimbari kwa lugha ya nyumbani, vichekesho na muziki mzuri. Ilikuwa redio ya binafsi ya watu walio karibu na watawala, na baadhi ya waanzilishi wake walitiwa hatiani na mahakama ya kimataifa ya Arusha mwaka 2003. Wakati wa machafuko ya Kenya ya 2007 na 2008, baadhi ya redio za lugha za makabila zilinyooshewa kidole kwa uchochezi, wakati Pamoja FM na Koch FM zikiomba amani ndani ya vitongoji vilivyokuwa vikiungua. Ukaribu na msikilizaji ni nguvu isiyo na upande. Mwenye nia mbaya ataitumia pia.

Kuna pia udhaifu wa kila siku. Redio nyingi za jamii hutegemea wafadhili, na mradi ukiisha kipindi nacho hufa. Nyingine hutegemea matangazo ya halmashauri, hivyo kumhoji mkurugenzi ni kuhatarisha mshahara. Mwanasiasa hujitolea kununua kompyuta, kisha huja kudai muda hewani. Na mtangazaji asiye na mafunzo husoma asubuhi kile alichokikuta kwenye kundi usiku, na kwa kukisoma anakipa heshima ambayo hakikuwa nayo.

Sera ianzie wapi

Kwanza, ianze na haki ya kupata taarifa, na iwe na kasi. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2016 inampa ofisa hadi siku 30 kumjibu mwombaji wa taarifa. Ya Kenya, ya mwaka huo huo, inampa siku 21, lakini ikiwa suala linahusu uhai au uhuru wa mtu, jibu litolewe ndani ya saa 48. Klipu ya WhatsApp huzunguka wilaya nzima kwa usiku mmoja. Kipengele cha saa 48 kinapaswa kuwa kanuni ya Afrika Mashariki yote kwa masuala ya afya, uchaguzi na usalama, na kila wilaya iwe na ofisa anayepokea simu ya redio siku hiyo hiyo bila kusubiri kibali cha makao makuu.

Pili, uongo kwa jina la uongo uondolewe kwenye jinai. Uchochezi wa mauaji, utapeli, na kuwadanganya wapiga kura kuhusu siku au kituo vibaki kuwa makosa yenye maana iliyobanwa, na kashfa ibaki suala la madai. Anayekosea kwa nia njema akasahihisha mapema alindwe wazi na sheria.

Tatu, ada za leseni ziendane na ukubwa wa chombo, na redio ya jamii yenye leseni ya hewani isilipishwe mara ya pili kwa sababu imepandisha kipindi chake mtandaoni.

Nne, kampuni za mitandao zilipe gharama ya lugha zetu. Ziajiri wakaguzi wanaozijua kwa ujira na matunzo ya heshima, zifungue njia ya redio hizi kuripoti hatari na kujibiwa, na fedha zao zipitie mfuko huru usiompangia mhariri cha kusema.

Tano, vyombo vya jamii navyo visafishe nyumba. Vitangaze nani anavimiliki na nani amevifadhili. Visahihishe makosa hewani, saa ile ile yalipotendeka. Na kila studio iwe na daftari kama lile nililoliona.

Kabla sijaondoka siku ile, niliomba kulipekua. Safu ya kwanza ilikuwa imejaa: kipindupindu, mbolea ya ruzuku, mpaka wa hifadhi, daftari la wapiga kura, noti bandia. Safu ya tatu ilitaja ofisi moja baada ya nyingine. Safu ya nne, kimejibiwa lini, ilikuwa na tarehe pale ambapo muuguzi, mwalimu au mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameitwa. Mbele ya majina ya ofisi kubwa, mistari mingi ilikuwa mitupu, mingine tangu mwaka uliopita.

Nilimuuliza kwa nini haifuti hiyo mitupu. Akasema waliouliza bado wanamuuliza.